Alama ya Buluu Katika Bucha za Birongo

Msomaji, kama hujawahi kufika Birongo usione haya, kwani jina hilo halimo katika vijitabu vya watalii. Hakuna mbuga ya wanyama huko wala hoteli ya nyota tano. Lakini ikiwa umechoshwa na vumbi la mji na unatamani kuona nchi ya kijani kibichi, basi panda gari la Kisii. Ukija kwa njia ya Sotik na Keroka, teremka Keumbu kabla hujafika mjini Kisii, kisha uulize gari au pikipiki ya Birongo. Wasafiri wenzako watakuelekeza, na huenda wakakusalimu kwa "bwakire" kabla hujafungua kinywa.

Birongo imo katika eneo bunge la Nyaribari Chache, Kaunti ya Kisii. Huku mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka na ardhi haijui mapumziko. Migomba imebanana na majani chai, mahindi yamepanda mlima hadi kileleni, na mpaka wa shamba la huyu na la yule ni mstari wa miti tu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti nzima, yaani zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Ndiyo maana hutaona makundi makubwa ya ng'ombe yakitangatanga. Zamani vijana wa Gusii walikuwa wakilala na mifugo katika maboma ya malishoni yaliyoitwa ebisarate, hata serikali ya kikoloni ikayavunja mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi ng'ombe ni mmoja au wawili, wa maziwa, wamefungiwa bandani na kuletewa nyasi za nepia mdomoni kama wagonjwa. Wengi wa kuchinjwa hununuliwa minadani, wakiwemo wanaoswagwa kutoka upande wa Transmara kwa majirani Wamasai.

Sasa tuingie sokoni. Naomba tusisimame kwenye ndizi wala parachichi, ingawa zinavutia. Twende moja kwa moja kwenye bucha.

Bucha ya sokoni Gusii ni chumba kidogo chenye dirisha la kioo au wavu, mizani, gogo la kukatia na mwanamume aliyevaa koti lililokuwa jeupe asubuhi. Usishangae ukimsikia akimwita mteja wake, mama mtu mzima, "baba". Kwa Ekegusii baba ni mama, na baba ni tata. Mgeni Mswahili huchukua muda kuzoea. Nyuma ya kioo imening'inizwa paja la ng'ombe, na juu ya paja hilo, kwenye mafuta meupe, utaona mstari wa herufi na namba za buluu au zambarau, mara nyingine zimefifia hata hazisomeki.

Wangapi kati yetu tumewahi kuutazama mstari huo kwa makini? Tunauliza bei, tunauliza kama kuna mfupa mwingi, tunashika nyama kwa kidole kujua ulaini wake. Alama yenyewe tunaiona kama uchafu. Nimewahi kumwona mama mmoja akimwomba mwenye bucha aikwangue "hiyo rangi" kabla ya kupima, eti isije ikamdhuru mtoto. Mwenye bucha aliikwangua, naye mama akaenda zake ameridhika, akiwa ameiacha kwenye gogo ile barua pekee iliyomweleza kuwa nyama yake ilipita mkononi mwa mtu anayejua kazi.

Kwanza tuondoe hofu. Wino wa nyama si ule wa kalamu. Hutengenezwa kwa rangi zilizoruhusiwa katika vyakula, zikachanganywa na vitu kama spiriti ili ukauke upesi juu ya mafuta. Nchi za Jumuiya ya Ulaya, kwa mfano, zimetaja rangi maalum zinazoruhusiwa kwa kazi hiyo, mojawapo ikiwa ni buluu iliyopewa namba E133. Sikatai kwamba tahadhari hufaa. Huko Marekani kulikuwa na rangi ya zambarau iliyotumiwa kupiga mihuri ya nyama kwa miaka mingi, na mwaka 1973 ikaondolewa katika orodha ya zilizoruhusiwa. Kwa hivyo la kuuliza ni aina ya wino. Mtu anayejipigia muhuri wake mwenyewe usiku kwa wino wa ofisini hana habari na orodha hizo.

Ili uelewe alama hiyo imetoka wapi, inakubidi uamke mapema. Katika vichinjio vidogo vya vijijini kazi huanza jogoo wanapowika, maana nyama inatakiwa sokoni kabla jua halijakomaa. Ukungu wa Gusii asubuhi hukata mifupa. Utawakuta wachinjaji wamevaa buti za mpira, moshi wa maji ya moto ukipanda, na ng'ombe wakisubiri uani. Mkaguzi wa nyama huja kwa pikipiki, akiwa na mkoba wenye visu visivyopungua viwili, jiwe la kunolea na kile chombo tunachokizungumzia.

Kazi yake huanza ng'ombe akiwa hai. Humtazama akitembea, humwangalia macho, pua na mdomo, huuliza ametoka wapi na kama kibali cha kumsafirisha kipo. Ng'ombe anayeshindwa kusimama hapiti kirahisi. Akishachinjwa na kuchunwa, kisu cha mkaguzi huingia mahali ambapo wewe na mimi hatungefikiria kuangalia. Hukata misuli ya mashavu vipande vyembamba, akitafuta vilengelenge vidogo vya tegu. Huupapasa ulimi. Huufungua moyo. Huyabonyeza mapafu kwa vidole, kisha akakata matezi yaliyo karibu nayo kutafuta dalili za kifua kikuu. Ini hulipasua kwenye mirija yake, kwani humo ndimo hujificha minyoo bapa ya ini, ambayo ng'ombe huipata anapolisha penye maji maji. Hukata pia bega. Kisu kikigusa usaha huwekwa ndani ya maji ya moto, yanayotakiwa kufika digrii 82, na kile cha pili kikachukua nafasi yake. Sasa unajua kwa nini anabeba viwili.

Akiridhika ndipo hutoa muhuri. Kuna wa aina mbili. Mmoja ni kama wa posta, una mpini na uso wenye herufi, hugongwa mara moja pajani, mara moja kiunoni, mara moja begani. Wa pili ni gurudumu dogo lenye herufi kuzunguka ubavu wake, linalopata wino linapoviringika. Mkaguzi huliweka juu ya mguu wa nyuma na kulivuta kwenda chini kupitia mgongo na mbavu hadi begani, likaacha utepe mrefu wa maandishi. Huu wa gurudumu ndio ninaoupenda zaidi, na sababu utaiona hivi punde. Mkono hautakiwi kukandamiza sana, wino ukamwagika, wala kupapasa, herufi zikakosekana. Hugongwa penye mafuta yaliyokauka kidogo. Juu ya nyama iliyolowa damu wino huteleza na kuwa doa tu.

Hapa Kiswahili chetu hunitatiza. Wataalamu huuita mwili huo wa mnyama aliyechinjwa "mzoga", lakini nani kati yetu atakwenda bucha aombe kilo ya mzoga? Kwa masikio ya watu wengi mzoga ni kibudu, mnyama aliyejifia. Wachinjaji hawana shida hiyo. Wao husema "nyama nzima" na kuendelea na kazi.

Ukaguzi huu si hisani ya mtu. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Nyama ya mwaka 1972, Sura ya 356, juu ya ile ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliyakabidhi machinjio kwa serikali za kaunti, nazo kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Wakaguzi hufunzwa, wengine katika chuo cha mafunzo ya nyama kilichoko Athi River. Kati ya watu wa afya na watu wa mifugo kumekuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu nani mwenye haki ya kushika muhuri. Mlaji wa Birongo hanufaiki na ugomvi huo. Yeye anataka mtu afike alfajiri, mvua inyeshe isinyeshe.

Lakini sasa, msomaji, fikiria jambo hili. Kisu cha mkaguzi kimetafuta ndani, nao wino umewekwa nje. Mwenye bucha anapokata paja ili kukupimia nusu kilo, nyama unayobeba aghalabu ni ya ndani, nyekundu, isiyo na hata nukta ya buluu. Ukifika nyumbani jikoni huna ushahidi wowote. Ungeletewa nyama ya ng'ombe aliyekufa zizini ikiwa imekatwa vivyo hivyo, usingeona tofauti kwa macho.

Wenzetu ng'ambo waliliona tatizo hili zamani wakajaribu kulitatua kwa njia zao. Huko Uingereza, nguruwe kabla hajachinjwa hupigwa begani kwa kifaa chenye mpini mfano wa nyundo, ambacho uso wake ni sindano zilizopangwa kwa umbo la herufi na kuchovywa wino. Sindano hupenya ngozi kama chale, na hata nguruwe akiisha kutiwa maji ya moto na kunyolewa manyoya, namba ya shamba alikotoka bado husomeka. Wabunifu wengine wakaenda mbali zaidi, wakabuni vifaa vya mkono vya kupenyeza wino ndani ya nyama yenyewe, ili kila kipande kikikatwa kiwe na alama yake. Nikikuambia sijawahi kukutana na kifaa hicho katika bucha yoyote ya Gusii hutashangaa. Nani angenunua nyama yenye madoa ndani? Waingereza waligeuza hata maana ya rangi: kanuni zao za mwaka 1982 zilitaka nyama isiyofaa kuliwa na binadamu ichemshwe au itiwe rangi, ili asitokee mjanja wa kuirudisha sokoni. Kwetu alama ya wino ni ya kukubali. Kinachokataliwa hukatwakatwa na kutupwa shimoni.

Basi sisi tumebaki na utepe wa nje, na ndiyo sababu nikasema gurudumu ni bora. Likivutwa vizuri kutoka mguuni hadi begani, kila sehemu kubwa ya nyama hubaki na kipande cha maandishi. Muhuri wa kugonga mara tatu huisha upesi, paja likishauzwa.

Kuna jambo lingine lililoniuma zaidi nilipozunguka sokoni. Muhuri hupigwa juu ya nyama nzuri. Nenda uangalie wanachonunua wale wasio na pesa za steki: matumbo, kichwa, miguu ya kuchemshia supu, mapafu. Matumbo huoshwa na kuuzwa kwenye beseni. Miguu hubabuliwa motoni. Ini linateleza, wino haulishiki vizuri. Vitu hivi ndivyo mkaguzi alivyovichunguza kwa makini kuliko vyote, maana ugonjwa huanzia humo, lakini vikishatoka kichinjioni havina cha kuvitambulisha. Hivyo mwenye pesa huona wino, na mwenye familia kubwa na shilingi chache humtegemea mwenye bucha kwa neno lake. Mama mmoja mwenye kikapu aliniambia yeye hununua matumbo kwa mtu mmoja tu, mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa anamjua na anawajua wazazi wake. Huo ndio muhuri wake.

Na kibudu je? Ni lazima tuseme ukweli hata kama unauma. Mtu mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa, anayemsomeshea watoto, akimkuta amelala miguu juu asubuhi, amepoteza karo, maziwa na akiba kwa mpigo. Atatokea mnunuzi wa haraka na gunia. Ataambiwa hakuna atakayejua. Mwislamu ana mwiko wa wazi juu ya nyamafu, na Wasabato, ambao ni wengi sana Gusii tangu misheni yao ilipofika Nyanchwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, nao wana miiko yao ya vyakula. Hata hivyo njaa na hasara vina sauti kubwa. Hatari kuu ni kimeta. Ng'ombe akifa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, hafai kuchunwa wala kupasuliwa, maana vijidudu vikipata hewa hugeuka mbegu ngumu zinazoweza kukaa katika udongo miaka mingi. Hapo huitwa daktari wa mifugo, naye mnyama huzikwa kwa kina au kuchomwa. Kuchemsha si dawa ya kutegemea, kwa kuwa mwenye kuchuna na mwenye kukata huambukizwa kwa mikono yao kabla sufuria haijafika jikoni.

Tegu si mkali hivyo, lakini ni msumbufu. Ng'ombe humpata kwa kula majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu, kisha binadamu humrudisha mwilini kwa nyama isiyoiva. Nyama yenye vilengelenge vichache inaweza kuokolewa ikigandishwa digrii 10 chini ya sifuri kwa siku 10 au zaidi, lakini niambie ni kichinjio gani cha kijijini chenye friza ya ukubwa huo. Waswahili wa nyama choma wanaopenda iliyo mbichi mbichi katikati wajue wanakula wakiutegemea ule mkato wa shavu uliofanywa saa kumi na moja alfajiri.

Wajanja nao hawalali. Magazeti yetu yameandika mara nyingi kuhusu watu walionaswa na mihuri bandia. Mwezi Julai 2019 runinga ya NTV ilionyesha jinsi nyama katika baadhi ya maduka makubwa jijini Nairobi ilivyotiwa kemikali ya kuhifadhia ili ionekane nyekundu siku nyingi. Ile haikuwa hadithi ya muhuri. Nyama iliweza kuwa ilikaguliwa ikiwa safi, kisha ikaharibiwa dukani. Wino husema yaliyotokea kichinjioni asubuhi ile. Hauwezi kusema lolote juu ya siku tano zilizofuata.

Kwa hivyo ukisimama mbele ya kioo, huko Birongo au kwenu, tazama kwanza paja lililoning'inia. Herufi zisomeke. Kama nyama yote imekatwa tayari na kurundikwa sinia, mwombe mwenye bucha kwa upole akuonyeshe sehemu yenye muhuri. Wa kweli huionyesha kwa fahari, na wengine huigeuza nyama makusudi ili alama itazame barabarani. Uliza ililetwaje. Nyama hutakiwa kusafirishwa katika sanduku safi lililofunikwa, lile jeupe unaloliona nyuma ya pikipiki, na si ndani ya gunia juu ya tangi la petroli. Kwa harusi au matanga, ambapo ng'ombe huchinjwa nyumbani na watu mia mbili wakala, mtafuteni mkaguzi mapema, siku moja kabla. Nimeona jamaa wakikodi viti, hema na vipaza sauti, wasimkumbuke mtu huyo ambaye gharama yake haifiki ile ya soda.

Ukiweza, fika Ijumaa mchana. Familia nyingi za Wasabato hununua mahitaji yao kabla jua halijatua, kwa hivyo bucha hujaa na kisu hakipumziki. Nunua nyama yako, kisha tafuta mkahawa wenye obokima, ugali wa wimbi mweusi unaoteleza kooni, na chinsaga iliyolala na maziwa. Utakula kwa vidole na hutakumbuka uma.

Mwenye bucha mmoja alinieleza kuwa yeye hukata kuanzia chini na kuacha kipande chenye wino kikining'inia mpaka mwisho, ili kila anayeingia akione. Nikamwuliza hicho humwuzia nani. Akacheka. Mara nyingi, akasema, hununuliwa na mtu aliyechelewa kutoka kazini, giza limeingia na stima zimepotea, naye hupimiwa kwa mwanga wa simu.